Rivolva ya marehemu, bastola ya plastiki na kidole changu kibovu

Risasi ya kumi na nne ndiyo iliyonishinda. Kumi na tatu za mwanzo nilizipiga huku nimeuma meno, lakini hiyo moja kidole kilifika katikati ya safari kikagoma, mkono ukaanza kutetemeka kama wa mgonjwa wa malaria, na mwalimu nyuma yangu akasema kwa upole, "Weka chini, mama. Pumzika kwanza." Nikaiweka ile rivolva ya Smith & Wesson juu ya meza, mtutu umeelekea kwenye tuta la udongo, nikaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa nikijisugua kidole.

Naandika haya kwa sababu tangu nianze kufuatilia kibali cha kumiliki silaha, kila niliyemuuliza alinipa jibu moja, na hakuna hata mmoja aliyetazama vidole vyangu kwanza. "Wewe ni mwanamke, chukua rivolva, haina mambo mengi." Muuza silaha wa Dar es Salaam kasema hivyo. Askari mmoja kasema hivyo. Shemeji yangu naye kasema hivyo, na yeye silaha pekee aliyowahi kuishika ni gobore la babu yao la kufukuzia nguruwe shambani.

Nipo Masasi. Nina duka la pembejeo, salfa na mabomba ya kupulizia, na Fuso moja iliyochoka. Nimezaliwa Newala, na ujana wangu wote nimebangua korosho nyumbani: unakaanga, unagonga, unatoa punje, na majivu umejipaka mikononi ili mafuta ya ganda yasikuchune. Majivu yanasaidia, hayakingi. Ncha ya kidole changu cha shahada cha mkono wa kulia haina ngozi ya kawaida hadi leo, na kiungo chake cha katikati kimekakamaa, asubuhi hakikunjiki mpaka nikiloweke kwenye maji ya moto. Viganja ni habari nyingine. Viganja vyangu vimetwanga, vimelima, vimebeba mifuko ya salfa. Shikeni hilo, maana ndilo lililoamua kila kitu hapa.

Marehemu mume wangu alikuwa mnunuzi wa korosho enzi za pesa mkononi. Biashara ilipofunguliwa kwa watu binafsi miaka ya tisini, alikuwa akizunguka Lulindi, Chiungutwa, hadi kwetu Newala, pesa zikiwa ndani ya kiroba na juu yake kaweka nguo chafu. Barabara ya Dar es Salaam wakati huo haikuwa barabara. Daraja la Mkapa pale Rufiji limefunguliwa 2003. Kabla yake ulikuwa unafika Ndundu unangojea kivuko, na masika ikikukuta unaweza kulala hapo hadi ukawajua mama lishe wote kwa majina. Alilala Ndundu siku 3 na pesa za watu chini ya kiti. Aliporudi ndipo alipoomba kibali, akanunua mguu wa kuku wake: Smith & Wesson Model 10, chuma cheusi, mpini wa mbao, risasi 6 za .38. Silinda yake, ile ngoma inayozunguka na kubeba risasi, alikuwa akiiita "kizinga", kwa vile vitundu.

Msimu wa 2007/08 ulipokuja mfumo wa stakabadhi ghalani, korosho zikaanza kupita vyama vya msingi na malipo yakahamia benki. Waliobaki na pesa mfukoni usiku walikuwa watu wa kangomba, wanaonunua korosho kwa magendo, na yeye kangomba hakuitaka. Rivolva ikakosa kazi. Kila mwaka alilipia leseni, akaifuta mafuta, akairudisha. Alipofariki 2021, hata arobaini haijafika, mimi na shemeji tuliipeleka kituoni, tukapewa karatasi. Leseni ni ya mtu, hairithiwi kama shamba. Mjane akikutwa na silaha ya marehemu chini ya godoro ni mhalifu kama mwingine yeyote, na wengi hawalijui hilo.

Mwaka 2023 watu watatu waliruka ukuta wa duka, mlinzi wangu akapigwa ubapa wa panga begani. Alipona. Nikaweka taa nne, nikaongeza mbwa, nikapandisha ukuta, na baada ya hayo yote ndipo nikaenda kuandika barua yangu ya mtaa. Ya barua sitayasimulia sana: mtaa, kata, wilaya, polisi, alama za vidole, mahojiano, subira. Nilipofika mwisho nikaulizwa: unachukua ile ya marehemu kwa jina lako, au unanunua nyingine?

Hapo ndipo nilipomtafuta mwalimu. Ni askari mstaafu, namwita Afande tu. Kwa utaratibu halali alinipangia asubuhi moja kwenye uwanja wa shabaha upande wa barabara ya Nachingwea, silaha 3, risasi 30 kwa kila moja, umbali wa hatua 10. Shabaha ilikuwa karatasi yenye duara la ukubwa wa sahani ya ubwabwa. Risasi zote nimelipa mimi, na hapo nikapata somo la kwanza kabla sijafyatua hata moja. Za milimita 9 muuzaji alikuwa nazo boksi kwa boksi. Za .38 alinihesabia kama dawa.

Tuanze na rivolva, kwa sababu nilikwenda nikiitaka.

Ni kitu kizuri kukitazama, nani atabisha. Wazo lenyewe ni la zamani, Samuel Colt alipata hataza yake Marekani mwaka 1836, na Model 10 hii imetokana na ile waliyoanza kuitengeneza 1899. Unasukuma kitufe kwa gumba, silinda inatoka pembeni, unaona vitundu 6 vyote kwa jicho moja. Kuna risasi au hakuna. Haikufichi kitu. Unaijaza kwa mkono, moja moja, unaifunga, na tangu hapo haina sefti, kile kizuizi cha kuwasha na kuzima, ya kukumbuka, haina cha kukoki. Risasi ikibuma, unavuta triga, yaani kile kifyatulio, tena, silinda inazunguka, inakuja nyingine. Ukiiacha kabatini mwaka mzima hakuna springi iliyobanwa kama ile ya magazini, kile kibeba risasi kinachoingia ndani ya mpini wa bastola nyingine. Hayo yote waliyoniambia ni kweli.

Walichosahau ni triga. Triga ya rivolva ukiivuta hivi hivi inafanya kazi mbili kwa mkupuo: inarudisha nyundo nyuma na inazungusha silinda. Ndiyo maana ni ndefu na nzito, mvuto wake ni kama kilo 5. Ning'inize ndoo ndogo ya maji kwenye kidole kimoja, halafu niambie nikikunje taratibu bila mkono kutikisika, kisha nirudie mara 6. Katika risasi 24 nilizopiga kwa namna hiyo, 9 ndizo zilizoingia kwenye sahani. Nyingi zilikwenda chini kushoto, na Afande akasema huo ni mkono unaosaidia kidole. Kidole kimeshindwa, kwa hiyo kiganja kizima kinakaza, mtutu unainama.

Ipo njia nyingine. Unavuta nyundo kwa gumba kwanza, inakaa nyuma, triga inabaki na kazi ya kuiachia tu, laini kabisa. Risasi 6 za mwisho nilizipiga hivyo. Zote 6 ndani. Nikamgeukia Afande nikicheka, nikadhani mjadala umekwisha. Akaniuliza, "Sawa mama. Sasa umevuta nyundo, ni usiku, unatetemeka, unagundua aliyesimama mlangoni ni mjukuu wako. Utairudishaje?" Ili kuirudisha unashika nyundo kwa gumba, unavuta triga kwa kidole, unaishusha pole pole juu ya risasi iliyo hai. Nilijaribu ikiwa tupu. Mara ya pili gumba liliteleza, nyundo ikapiga "ta!" Ilikuwa tupu, lakini nilihisi baridi kwapani.

Kasoro nyingine ni ndogo ndogo. Kati ya silinda na mtutu kuna mwanya, na moshi wa moto unatoka hapo pembeni, kwa hiyo vidole vya mkono wa pili usivitangulize. Ukiitumia sana, uchafu unakaa chini ya ile nyota ya kusukumia maganda na silinda inakuwa ngumu kufunga. Na tusidanganyane kwamba rivolva haikwami. Hukwama mara chache, ila ikikwama imekwama kweli, inataka fundi, na fundi wa rivolva Masasi simjui. Za zamani sana zina hatari ya kufyatuka zikiangukia nyundo. Smith & Wesson waliongeza kizuizi kipya ndani baada ya moja kuanguka melini na kuua baharia wa Marekani mwaka 1944, kwa hiyo ukiuziwa ya mtumba uliza imetengenezwa lini, usiulize tu kama inang'aa.

Sasa niseme lile lililonifanya niitake licha ya yote hayo.

Mwaka 1999 mwanangu alikuwa na miaka 6. Siku hizo baba yake alikuwa akiificha rivolva ndani ya pipa la mchele, chini kabisa, imefungwa kwenye kanga. Panya alikwishaitafuna kona ya mpini, alama za meno zilionekana. Mimi niko uani natwanga, nikasikia jogoo analia ovyo. Nikageuka. Mtoto ameketi kwenye kizingiti, kanga iko pembeni, chuma amekishika kwa mikono miwili, amemlenga jogoo, ulimi umetoka nje kwa juhudi, na vidole viwili ameviingiza kwenye triga anavuta. Anavuta kweli. Nyundo nikaiona inanyanyuka kidogo, inarudi. Inanyanyuka, inarudi. Sikupiga kelele, sijui kwa nini. Niliacha mchi, nikatembea, nikamfika kwa nyuma, nikaishika mikono yake na chuma pamoja nikaelekeza juu.

Zilikuwa zimejaa zote 6.

Usiku ule ndio ugomvi mkubwa kuliko wote wa ndoa yetu. Kesho yake likanunuliwa sanduku la chuma na kufuli. Lakini kwa miaka zaidi ya ishirini nimebaki na imani moja: triga nzito ilinirudishia mtoto. Basi mnielewe nilipokaa kwenye ile ndoo. Uzito uleule uliomshinda mwanangu ndio uliokuwa unanishinda mimi, na mimi ndiye niliyetakiwa kuuweza.

Silaha ya pili ilikuwa CZ 75, bastola ya magazini kutoka kule kulikokuwa Chekoslovakia, risasi 15 za milimita 9. Nitapita haraka. Ni nzito, karibu kilo moja, na huo uzito unafanya mshtuko wake uwe mdogo, unasikia kama mtu kakusukuma bega kwa utani. Mpini wake umekaa mkononi kuliko zote. Risasi 19 kati ya 30 zilikuwa ndani. Ila slaidi yake, kile chuma cha juu unachokivuta nyuma kukoki, yaani kuingiza risasi ya kwanza, inapita ndani ya fremu, si nje kama nyingi, kwa hiyo chuma cha kushika ili ukoki ni chembamba kama ubavu wa kisu. Mara 5 nilijaribu kuikoki, mara 3 iliniponyoka. Mwenye vidole vizima asiifute kwenye orodha kwa ajili yangu. Mimi niliirudisha mezani.

Ya tatu ni Glock 19, na hapa nilikwenda na dharau. Nilipoiona nikamwambia Afande mbona hii ni ile ya watoto ya sikukuu ya Idi, inakosa maji tu. Fremu ni plastiki, mpini ni plastiki, nyeusi, ya mraba, haina hata pambo. Anayesema silaha ni urembo atalia. Aliyeiasisi, Gaston Glock wa Austria, kabla yake alikuwa akitengeneza visu na fimbo za mapazia, na jeshi la kwao lilipoichukua ile ya kwanza, Glock 17, mwaka 1982, walicheka wengi kuliko mimi. Hii 19 ni ndogo yake, ya 1988: risasi 15, gramu kama 600 ikiwa tupu.

Mshtuko wake ni mkali kuliko wa CZ kwa sababu ni nyepesi. Lakini triga yake ni mvuto wa kilo 2 na nusu hivi, mfupi, na ni uleule kila risasi. Kidole changu kibovu kilifanya kazi yake hadi mwisho bila kuomba ruhusa. Risasi 23 kati ya 30 ndani ya sahani, na nyingi zilikusanyika.

Ilikwama mara 2. Ganda lilisimama wima kwenye mlango wa kutokea, kama mtu aliyebanwa na mlango wa daladala. Nikataka kuilaumu, Afande akanikatiza: "Hiyo si bastola, ni kifundo cha mkono." Alinieleza kwamba slaidi inarudi nyuma kwa nguvu ya risasi yenyewe na inahitaji kitu imara cha kusukumana nacho. Ukiishika tepetepe, bastola nzima inarudi pamoja na mkono, slaidi haimalizi safari, ganda linabaki mlangoni. Rivolva haijali umeishikaje. Hii inajali. Alinifundisha kuliondoa: gonga kitako cha magazini, koki, endelea. Nimefanya zoezi hilo kwa risasi za bandia mara nyingi kuliko nilivyosali tasbihi mwaka huu, Mungu anisamehe.

Na kukoki? Hilo ndilo lililokuwa linanitia hofu, na ndilo lililonishangaza. Nilikuwa naishika slaidi kwa ncha za vidole viwili, kama mtu anayebana pua, nikivuta. Haikuja. Afande akasema, "Mama, wewe unatwanga. Acha vidole." Unaileta bastola karibu na kifua, mtutu mbele daima, unaifunika slaidi kwa juu na kiganja kizima cha kushoto, halafu huvuti: unasukuma mpini mbele kwa mkono wa kulia, kushoto kumekaza. Ikafunguka. Nikarudia mara 10, mara 10 ikafunguka. Slaidi ya Glock ni pande la mraba, kuna pa kushika. Ule ubaya wa sura ndio uliokuwa faida yangu.

Nikakaa tena kwenye ndoo yangu nikafikiri. Bastola ya magazini ukiihifadhi magazini imo lakini chemba, pale nyuma ya mtutu risasi inapokaa ikingoja kupigwa, iko tupu, haifyatuki hata uvute triga hadi kesho. Lazima kwanza ukoki. Mtoto wa miaka 6 hawezi kuikoki. Nilikuja kumwomba hata mke wa jirani yangu, mtu mzima, aikoki ikiwa tupu mbele yangu, akashindwa mpaka nilipomwelekeza. Kumbe uzito haujaondoka, umehama: umetoka kwenye kidole umekwenda kwenye kiganja. Na kiganja ninacho.

Nilimweleza Afande, akacheka, akasema hata polisi wa New York walifanya kitu cha namna hiyo. Walipoanza kuacha rivolva mwaka 1993 na kuchukua bastola za magazini, zao ziliwekewa triga nzito makusudi, karibu kilo 5 na nusu, kwa kuogopa vidole vilivyozoea triga ngumu. Akaanza pia kunisimulia ile ya Miami ya Aprili 1986, FBI, wapelelezi wa serikali ya Marekani, na rivolva zao mbele ya majambazi wawili, maofisa wawili wakauawa, na ndipo wakaamua kuhama. Nikamwambia Afande, mimi nina duka la salfa, sifukuzani na mtu. Risasi 6 au 15 kwangu si hoja. Kama zinahitajika zaidi ya 6 pale dukani, basi tatizo langu haliko kwenye bastola.

Sasa ubaya wa Glock, maana nisije nikaonekana nimelipwa.

Ubaya wa kwanza ni wa bastola zote za magazini: zinaweza kukudanganya. Unatoa magazini, unaona mikono mitupu, unadhani imekwisha, kumbe moja imebaki kwenye chemba. Rivolva haina uongo huo. Ubaya wa pili ni wa Glock hasa, na sitauzoea: ili uifungue kuisafisha, lazima kwanza uvute triga. Fikiria hayo mawili yakikutana. Mtu katoa magazini, kasahau chemba, kavuta triga ili asafishe. Utaratibu wangu ni huu, na naufanya kwa sauti hata nikiwa peke yangu: natoa magazini naiweka chumba kingine, nakoki mara 3, nachungulia, halafu naingiza kidole kidogo kwenye chemba nipapase. Ndipo naelekeza kwenye ndoo ya mchanga na kuvuta. Mjukuu akiisikia sauti hiyo anajua mlango wa chumba haufunguliwi.

Tatu, haina sefti ya kuwasha na kuzima kama CZ. Kuna kijiti katikati ya triga, ukikigusa umeshaigusa triga. Anayetaka kuiweka kiunoni ikiwa imekokiwa, bila mkoba mgumu unaofunika triga, huyo anacheza na paja lake. Nne, kujaza magazini. Risasi 10 za kwanza zinaingia, kuanzia hapo springi inapigana na gumba. Kuna kifaa kidogo cha plastiki kinakuja nayo cha kusukumia. Mimi naweka 10 tu.

Nne na nusu: bei. Nililipa pesa ya pikipiki mpya ya bodaboda na chenji ikaliwa na nauli. Ile ya marehemu ningeipata kwa gharama za karatasi. Kisha kasha la chuma, nene, limefungwa kwa bolti ndani ya ukuta wa chumba changu, hilo nalo si bei ya sahani. Lakini kasha si hiari. Kama pesa zako zinatosha kimoja, nunua kasha uache bastola.

Kuhusu kutu, watu wa pwani nisikilizeni. Mwaka tulioishi Mikindani, mume wangu aliifuta rivolva kila Ijumaa, chuma cha nje kiking'aa. Tulipofungua mpini wa mbao, chini yake kulikuwa na kutu ya rangi ya korosho iliyoungua. Chumvi ya hewani inapita pasipopita kitambaa. Plastiki haina shida hiyo, na slaidi ya Glock imetiwa dawa inayozuia kutu vizuri, ingawa chuma ni chuma, kitone cha mafuta usikinyime. Huku Masasi adui ni vumbi la salfa. Linaingia popote, na salfa ikipata unyevu inakula chuma, angalia mapipa na mabati ya maghala. Silaha yangu haikai dukani kabisa.

Wifi yangu mpaka leo hajakubaliana nami. Anasema bastola iliyofungiwa kwenye kasha la ukutani, chemba tupu, ufunguo shingoni mwa bibi wa miaka 57, itamsaidia nani usiku? Kabla sijafungua, mwizi keshakunywa chai. Nimehesabu: ni sekunde 40 kutoka kitandani, nikiwa nimevaa miwani. Hana makosa. Wezi wa 2023 kilichowatoa mbio ni kelele za majirani, na kitakachowazuia kesho ni taa na mbwa. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inaniruhusu kujilinda kwa nguvu inayolingana na hatari, hainiruhusu kumpiga risasi mtu kwa mfuko wa salfa. Nikimwambia wifi kwamba zile sekunde 40 zinanipa nafasi ya kutambua ni nani aliye mlangoni, ananiangalia tu, anaendelea kumenya ming'oko.

Kama vidole vyako ni vizima, nguvu unayo, na unajijua hutakwenda kwenye shabaha zaidi ya mara moja kwa mwaka, sitakukatalia rivolva. Chukua ya chuma kisichoshika kutu, uliza kwanza risasi za .38 utazipata wapi, na jaribu kuvuta triga mara 24 mfululizo kabla hujatoa pesa. Kama huwezi kukumbuka chemba, usichukue Glock, wala yoyote ya magazini. Na ukiambiwa "ya kike ni rivolva", mpe anayesema aivute yeye.

Mwezi uliopita nilikwenda kituoni kuandika kwamba ile ya marehemu siichukui, ibaki serikalini. Mwanangu alipiga simu kutoka Dodoma akauliza kama nina hakika. Miaka 32 sasa, na jogoo hamkumbuki. Askari wa ghala akaileta mezani ikiwa na kitambulisho kimefungwa kwa uzi, akasoma namba, mimi nikasoma kwenye karatasi yangu, zikalingana. Akasukuma kitufe, kizinga kikatoka, vitundu 6 vitupu, akaniinamishia nione mwanga ukipita. Kona ya mpini alama za panya bado zipo. Nikasaini kwa kidole kilekile.